Midomo, Homa na Makatazo

Katika vitabu vingi vya tiba vya siku hizi, historia ya malengelenge ya midomoni huanzia Roma. Husimuliwa kwamba Kaisari Tiberius, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37 baada ya Kristo, alipiga marufuku watu kubusiana kwa sababu vidonda vya mdomo vilikuwa vimeenea mjini. Kisa hiki hurudiwa kila mwandishi anapotaka kuonyesha kwamba hata watu wa kale walijua ugonjwa huu huambukizwa kwa busu. Lakini hakuna mwandishi wa kale aliyekiandika hivyo. Kimeshonwa kutokana na vipande vya vitabu viwili. Suetonius, aliyeandika wasifu wa makaisari karibu karne moja baadaye, anasema tu kwamba Tiberius alikataza kwa amri mabusu ya kila siku, na kwamba zawadi za mwaka mpya nazo zisitolewe baada ya siku ya kwanza ya Januari. Mambo hayo mawili yamo pamoja na hatua nyingine za kubana matumizi na kurekebisha adabu za mjini, ugonjwa hautajwi. Plinius, mwandishi mwingine wa Kirumi, kwa upande wake anaeleza ugonjwa mpya wa ngozi ulioingia Italia siku hizo na jinsi busu lilivyoueneza, lakini hataji amri yoyote. Tena dalili anazozitoa, magamba yanayopukutika, yanayoanzia kidevuni na kusambaa usoni, shingoni, kifuani na mikononi, hazifanani na malengelenge haya tunayoyajua, ambayo huota mahali padogo ukingoni mwa mdomo, hupasuka, hukauka na kupona yenyewe.

Kosa hilo linastahili kusahihishwa kwa sababu linaficha jambo ambalo historia ya malengelenge ya midomoni inalionyesha waziwazi. Kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, watu waliotaka kuzuia maradhi yanayopita midomoni walielekeza makatazo yao kwa watu fulani au kwa desturi fulani: wageni kutoka mashariki, watu wa tabaka la chini, busu, kikombe cha pamoja, mrija wa pombe. Malengelenge hayakupungua, kwa kuwa hayafuati mtu wala desturi. Yanafuata siku. Yapo majuma ambapo mdomo wa mtu ni wa hatari kwa wengine, na ipo miezi au miaka ambapo si wa hatari kubwa, na mtu ni yule yule. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ujuzi huo ulichelewa kupatikana kwa sababu ukweli ulikuwa umegawanyika nusu mbili, kila nusu mikononi mwa watu wasiozungumza na wenzao, na kwamba hadi leo tunaishi na makatazo ya zamani ingawa tunao ujuzi mpya.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya busu. Plinius anasema ugonjwa wake uliletwa kutoka Asia na karani mmoja, mtu wa tabaka la wapanda farasi kutoka Perusia, na kwamba wanawake, watumwa na watu wa kawaida waliepuka, kwa sababu ulipita katika busu la haraka la salamu ambalo wakubwa walipeana. Ndani ya sentensi chache tayari kuna kila kitu ambacho kingerudiwa katika karne zilizofuata: ugonjwa una mtu aliyeuleta kutoka ugenini, na una tabaka linalousambaza. Waganga walioitwa kutoka Misri waliutibu kwa kuchoma ngozi kwa dawa kali hadi kuacha makovu mabaya kuliko ugonjwa wenyewe. Na kama amri ya Tiberius ilikusudiwa kukomesha busu la salamu, ilishindwa kabisa. Mshairi Martial, aliyeandika miongo kadhaa baada ya Tiberius kufa, analalamika kwa utungo baada ya utungo kwamba hakuna njia ya kuwakwepa wabusuji wa Roma, na kwamba hata kuwa na kidonda au dawa iliyopakwa mdomoni hakumwokoi mtu. Malalamiko yake ni ushahidi mzuri kuliko amri: Warumi waliona aibu kumbusu mwenye kidonda, lakini aibu ya kumnyima mtu salamu ilikuwa kubwa zaidi.

Nusu ya pili ilikuwa ya homa, na hii ilishikwa na matabibu. Herodotus, tabibu aliyefanya kazi Roma karibu mwaka 100 (si yule mwanahistoria mwenye jina hilo), aliandika kuhusu vipele vinavyotokea kuzunguka mdomo homa inapoelekea kwisha. Baada yake, kwa karne nyingi, matabibu waliyatumia malengelenge hayo kama dalili. Waliyaona mara kwa mara kwa wagonjwa wa malaria na wa kichomi, na mara chache sana kwa wenye homa ya matumbo, hivyo mdomo wa mgonjwa uliwasaidia kupambanua homa moja na nyingine kabla ya kuwapo maabara. Katika nchi zetu za malaria maelezo haya hayamshangazi mtu. Hapa pia husemwa kwamba homa inatokea mdomoni. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna, ambaye tangu mwaka 1917 aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa wa kaswende ya ubongo ili homa iwatibu, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, aliingiza hospitalini matibabu ambayo bila kukusudia yalikuwa jaribio kubwa kuhusu malengelenge. Wagonjwa waliotiwa homa, iwe kwa malaria au baadaye kwa mashine za joto, walitokwa na vidonda vya midomo kwa wingi, siku chache baada ya homa kupanda, bila kubusiana na mtu yeyote. Aliyeyaona hayo angewezaje kuamini kwamba ugonjwa huu unaambukizwa?

Wakati matabibu wakiwa na nusu yao, serikali na makanisa yaliendelea na nusu ya busu. Mwaka 1439 Bunge la Uingereza lilimwomba mfalme Henry VI aruhusu watumishi wake wamtolee kiapo cha utii bila kumbusu, kwa hofu ya tauni. Mwaka 1909, katika nchi hiyo hiyo, sheria mpya ya viapo iliondoa desturi ya shahidi mahakamani kubusu kitabu cha Injili, baada ya madaktari kulalamika muda mrefu kuhusu jalada lililokuwa limebusiwa na maelfu. Mwaka huo huo jimbo la Kansas huko Marekani, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, lilipiga marufuku kikombe cha pamoja kwenye treni na shuleni. Biashara ya vikombe vya karatasi vya kutupwa ilikua kutokana na makatazo ya namna hiyo. Yote yalikuwa na busara yake. Crumbine alikuwa akipigana na kifua kikuu, na alikuwa na sababu. Lakini hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyolengwa kwa malengelenge, na zote ziliacha fikra moja ya jumla kwamba uchafu wa mdomo ni hali ya daima ya mtu asiyejulikana, nawe unajikinga kwa kutogusa alichogusa yeye.

Katika nchi za Maziwa Makuu fikra kama hiyo ilichukua sura ya ukatili. Pombe ya ndizi na ya mtama ilinywewa kwa mrija, na Rwanda na Burundi kupokezana mrija mmoja kulikuwa tamko la kuaminiana. Aliyeukataa mrija wa mwenzake alikuwa amemtukana. Mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya, wazee waliokizunguka chungu kimoja walikuwa kila mmoja na mrija wake mrefu. Lakini popote ilipokuwa desturi ya kupokezana, Watwa walitengwa. Hawakuruhusiwa kutia midomo yao kwenye chombo kilichotumiwa na Wahutu au Watutsi, na waliponyweshwa walipewa chombo chao, kibovu, pembeni. Hakuna mtu anayeweza kudai kwamba katazo hilo lilizuia ugonjwa wowote. Waliokuwa ndani ya duara, wanaoaminiana, walipokezana mrija mmoja hata kama mmoja wao alikuwa na kidonda kibichi mdomoni. Aliyekuwa nje ya duara alizuiliwa hata kama mdomo wake ulikuwa mzima. Ukiyaweka maelezo ya Plinius kando ya desturi hii, unaona kosa lile lile: sheria ya midomo inapofuata cheo cha mtu, inamlinda mwenye cheo dhidi ya aibu na kumwacha wazi kwa maambukizi, kwa kuwa maambukizi yako kwa ndugu zake.

Nusu hizo mbili zilianza kukutana mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1893 daktari Mfaransa Vidal alieleza kwamba malengelenge hupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Katika muongo wa 1910, daktari wa macho Mjerumani Wilhelm Grüter alichukua majimaji ya kidonda na kuyaweka kwenye jicho la sungura, likaumwa. Kutoka jicho hilo akaambukiza sungura mwingine. Mtafiti mwingine, Löwenstein, akachapisha majaribio ya namna hiyo mwaka 1919 na kuonyesha kwamba majimaji ya malengelenge ya homa nayo yana uwezo huo huo. Hapo likajitokeza fumbo. Kama ni ugonjwa wa kuambukizwa, inakuwaje mtu mmoja arudiwe mahali pale pale pa mdomo kila anapougua mafua, akiwa peke yake? Na mwaka 1930 Andrewes na Carmichael wa London waliongeza utata: waliokuwa wakirudiwa na malengelenge ndio waliokuwa na kingamwili dhidi yake kwenye damu, na wasio na kingamwili hawakuwa na historia ya kurudiwa. Kwa ndui au surua ni kinyume. Kingamwili ndiyo cheti cha kupona.

Jibu lilikusanywa kutoka kwa watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine. Mpasuaji wa ubongo Harvey Cushing, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akikata neva inayoleta hisia za uso ili kuwaondolea wagonjwa maumivu makali, akagundua kwamba upasuaji huo mara nyingi ulifuatwa na malengelenge. Ernest Goodpasture wa Nashville akaonyesha kwa sungura kwamba virusi husafiri ndani ya neva, na mwaka 1929 akapendekeza kwamba huenda hujificha kwenye kifundo cha neva hiyo, karibu na ubongo, vikingoja. Mwaka 1938 Katherine Dodd na wenzake waligundua virusi hivyo hivyo kwa watoto wadogo wenye vidonda vingi mdomoni, fizi zilizovimba na homa, ugonjwa ambao hakuna aliyeuhusisha na malengelenge ya watu wazima. Mwaka uliofuata Macfarlane Burnet na Williams, huko Australia, waliviunga vipande hivyo: mtoto huambukizwa katika miaka yake ya kwanza, mara nyingi bila mtu kutambua, virusi hubaki mwilini maisha yote, homa, jua, uchovu au hedhi huviamsha. Matabibu wa homa walikuwa sahihi, malengelenge yanatoka ndani. Watu wa busu nao walikuwa sahihi, yaliingia kutoka nje, ila yaliingia miaka ishirini iliyopita, na aliyeyaleta huenda alikuwa mama, bibi au dada, si karani aliyeyabeba kutoka Asia. Mwaka 1971 Stevens na Cook waliviona virusi vimelala kwenye vifundo vya neva vya panya, na mwaka 1972 Bastian na wenzake wakavipata kwa binadamu, kwenye kifundo kile kile alichokitaja Goodpasture.

Matokeo ya ugunduzi huo kwa historia ya makatazo ni makubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani asilimia 64, wana virusi vya herpesi aina ya 1. Afrika wengi huvipata utotoni. Na si jambo la juzi. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba sampuli za Kenya zina utofauti mkubwa kuliko za Ulaya na Amerika zikijumlishwa na za Asia, ishara kwamba virusi hivi vimekaa Afrika muda mrefu kuliko popote. Wapo waliohitimisha kwamba vilisafiri na binadamu wa kwanza waliotoka barani humu. Tafiti za baadaye zimetilia shaka tarehe hiyo na kuona kwamba mgawanyiko mkubwa wa aina zilizopo leo ni wa karibu miaka 5,000 tu. Mwaka 2022 wataalamu walisoma virusi kutoka meno ya watu wanne wa zamani, mmoja wao kijana wa Uholanzi aliyevuta kiko cha udongo mpaka meno yakalika, na ambaye yaelekea aliuawa Wafaransa walipovamia mwaka 1672. Wakapendekeza kwamba kuenea kwa busu la mapenzi katika zama za shaba kulisaidia aina mpya kushinda za zamani. Pendekezo hilo mimi nalichukulia kwa tahadhari, kwa kuwa mama hakungoja zama za shaba kumtafunia mtoto chakula. Lakini vyovyote iwavyo, ugonjwa ulioenea kiasi hicho, kwa muda wote huo, hauna kundi la watu unaloweza kulitenga.

Unachoweza kutenga ni siku. Malengelenge huanza kwa mwasho au mchomo ukingoni mwa mdomo, saa chache au siku nzima kabla ya kitu kuonekana. Kisha huja malengelenge yenyewe, yanapasuka, yanakuwa kidonda chenye majimaji, yanafanya gaga, yanapona. Kwa kawaida ni siku saba hadi kumi. Majimaji ya malengelenge yaliyopasuka ndiyo yenye virusi vingi zaidi. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walichunguza watu 9 wenye vidonda hivyo. 7 walikuwa na virusi mdomoni na 6 walikuwa navyo mikononi. Walikuta pia kwamba virusi vinaweza kuishi hadi saa mbili kwenye ngozi, saa tatu kwenye kitambaa na saa nne kwenye plastiki. Idadi ya watu hao ni ndogo, lakini matokeo kuhusu mikono yanatosha kubadili mkazo. Mahubiri mengi yalikuwa juu ya kikombe na busu, na mkono ukasahauliwa. Mwenye kidonda hukigusa kila dakika bila kujua, kisha humshika mtoto, hufikicha jicho, huvaa lenzi ya macho. Jicho ni la kuhofia zaidi kwa mtu mzima, kwani virusi hivi ni miongoni mwa sababu kuu za upofu wa konea unaotokana na maambukizi. Kwa hiyo kanuni za siku hizo zinajulikana na si nyingi: usibusu, usitumie na mwenzako kikombe, kijiko, mrija, taulo, mswaki, wembe au rangi ya mdomo, usiguse kidonda isipokuwa unapopaka dawa, na upake kwa pamba, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, jiepushe na ngono ya mdomo, maana virusi vya mdomoni huambukiza sehemu za siri. Gaga likishadondoka na ngozi ikawa nzima, maisha yaendelee.

Mpinzani wa hoja hii ana swali zito. Imethibitishwa kwamba mtu mwenye virusi huweza kuvitoa kwenye mate hata siku ambazo hana kidonda. Je, basi sheria ya siku si ya kujidanganya? Na waliotaka kufuta kikombe cha pamoja moja kwa moja hawakuwa sahihi kuliko sisi? Jibu langu ni kwamba kipimo kinachotafuta chembe za virusi kinaweza kuziona siku nyingi, lakini wingi wake siku za kidonda haulingani na siku nyingine, na katika maambukizi wingi una maana. Sheria ya siku haiondoi hatari yote. Inaondoa sehemu yake kubwa kwa gharama ambayo watu wanaweza kuilipa. Sheria ya kudumu inadai wazazi wasiwabusu watoto wao kamwe na marafiki wasinywe pamoja kamwe, na Martial ameshatuonyesha mwisho wa sheria za namna hiyo. Aliyeambiwa ajihadhari siku zote atachoka, na siku ya kidonda atakuwa mzembe kama siku nyingine.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: ikiwa wengi wetu tunavyo tangu utoto, kujihadhari kuna faida gani? Hapa takwimu za jumla zinapotosha. Zinaficha watu ambao kwao kuchelewa au kukwepa maambukizi ni jambo la uhai: mtoto mchanga, mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali, mtu ambaye VVU imeshusha kinga yake, mtoto mwenye ukurutu ambaye ngozi yake iliyochubuka inaweza kuvamiwa mwili mzima. Tena mkusanyiko wowote una watu ambao bado hawajaambukizwa. Mwaka 1989, kwenye kambi ya mieleka ya vijana huko Minnesota, wanamieleka 60 kati ya 175 walipata malengelenge ya kichwani, shingoni na mikononi, na waliokuwa katika hatari zaidi ni waliopambana na mwenzao mwenye upele unaoonekana. Kambi hiyo ilikuwa na kila kitu cha kisasa. Kilichokosekana ni kocha wa kumwambia mwenye upele apumzike juma moja. Wauguzi na madaktari wa meno walijifunza hivyo hivyo kwa maumivu ya vidole vyao vilivyoambukizwa, kabla ya glavu kuwa kawaida kazini.

Lipo na pingamizi la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba aibu ni kinga, kwamba watu wakiona haya watajificha na hivyo hawataambukiza. Historia ya karibuni inalikanusha. Mpaka katikati ya karne ya 20 malengelenge ya mdomo hayakuwa aibu. Yalikuwa kero ya mwenye homa. Katika miaka ya 1960 ilithibitishwa kwamba virusi viko vya aina mbili, aina ya 1 ikipendelea mdomo na aina ya 2 sehemu za siri, na jina moja likatumika kwa zote. Kisha jarida la Time la Marekani likaandika kuhusu herpesi ya sehemu za siri mwaka 1980, na Agosti 1982 likaiweka kwenye jalada lake kama alama ya fedheha ya zama hizo. Kuna wanaodai kwamba aibu hiyo ilibuniwa na watengenezaji wa dawa; makala ya mwaka 1980, iliyotangulia dawa kuuzwa, inadhoofisha dai hilo. Aibu ilitoka mahali pa zamani zaidi, pale pale Plinius alipotoka. Na matunda yake ni kwamba mtu mwenye kidonda mdomoni leo anakificha kwa poda au rangi, anakwenda harusini, anapeana mashavu na kila mtu, kwa sababu kukataa kutamfanya ajulikane. Aibu haimfanyi ajitenge. Inamfanya afiche siku ambazo wenzake walihitaji kuzijua.

Dawa iliyokuja wakati huo huo inafuata, kwa namna inavyofanya kazi, mantiki ya siku. Asiklovia iligunduliwa katika miaka ya 1970 katika maabara ya Gertrude Elion, mwanakemia wa New York ambaye hakupata kuwa na shahada ya uzamivu ya kusomea na ambaye mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Hitchings na James Black. Ndani ya seli nzima dawa hiyo karibu haina kazi. Kimeng'enya cha virusi vyenyewe ndicho kinachoiamsha, na ikishaamka huvizuia visijinakili. Virusi vilivyolala kwenye neva havitengenezi kimeng'enya hicho, hivyo dawa haivigusi vilivyolala. Ndiyo sababu vidonge, na krimu kwa kiasi kidogo zaidi, husaidia tu vikianzwa mwasho unapoanza, na hata hapo hupunguza ugonjwa kwa siku moja hivi. Ukingoja hadi gaga, umepoteza fedha. Anayerudiwa mara nyingi anaweza kuandikiwa vidonge vya kila siku vya kuzuia. Vidonda vikizidi wiki mbili, vikiwa vingi, au jicho likiwa jekundu na kuuma, ni hospitali mara moja. Kuhusu dawa za kuunguza, asidi ya betri, dawa ya meno, chumvi iliyosagwa, waganga wa Plinius walishafanya jaribio hilo kwenye nyuso za Warumi. Jua linastahili kutajwa kuliko linavyotajwa katika nchi zetu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1991, watu 38 wenye kawaida ya kurudiwa walipigwa miale ya urujuanimno midomoni. 27 walitokwa na malengelenge walipopakwa mafuta matupu, na hakuna hata mmoja aliyetokwa walipopakwa mafuta ya kuzuia jua. Mvuvi, bodaboda na mkulima anayerudiwa kila kiangazi anaweza kupata faida kwa kofia pana na mafuta hayo mdomoni kuliko kwa krimu yoyote.

Desturi za pwani zinayo sheria moja ambayo tayari inafuata siku, nayo ni arobaini. Mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na mtoto hatolewi nje mpaka zitimie. Haikuwekwa kwa ajili ya malengelenge, na ingekuwa uongo kudai kwamba wazee waliyajua mambo ya virusi. Lakini ugonjwa wa herpesi kwa mtoto mchanga, ambao daktari Hass aliueleza mwaka 1935 kutokana na uchunguzi wa maiti ya kichanga, ini na tezi zake zikiwa zimeharibika, hujitokeza karibu wote katika wiki sita za kwanza, na usipotibiwa mapema huua au kuharibu ubongo. Wengi huupata wakati wa kuzaliwa, ila wapo wanaoupata baadaye, kwa busu. Mlango wa arobaini unawazuia wapita njia. Hauwazuii bibi, shangazi na jirani wanaoingia kumpokea mgeni, na hao ndio wenye midomo ya kuhofia, kwa kuwa ndio wenye haki ya kumbusu. Mama mwenye malengelenge mdomoni aendelee kunyonyesha, maadamu hana kidonda kwenye titi. Anawe mikono, afunike mdomo, asimbusu mpaka apone. Yule anayekuja asubuhi kumwogesha na kumkanda mtoto, siku anayoamka na mwasho mdomoni, amwambie mwenye nyumba bila haya, ajifunge kitambaa mdomoni au ampishe mwingine kazi hiyo kwa juma moja, na mwenye nyumba amjibu kwa shukrani.